Maswali Yenu Kuhusu Neva: Mwacheni Mtoto Ameze Dawa

"Mwalimu, neva hupitisha umeme kama waya wa nyumbani?" (Bombo)

Hapana, na swali hili nalijibu karibu kila mwezi. Neva, yaani mshipa wa fahamu, ni fungu la nyuzi za seli hai. Uzi ukiwa umetulia, ndani yake huwa hasi kwa milivolti 70 hivi kuliko nje. Ukisisimuliwa, vijilango vya utando wake hufunguka, sodiamu inaingia mbio, potasiamu inatoka, na vijilango vya jirani navyo hufunguka. Ni kama mafundi waliojipanga wakirushiana matofali hadi ghorofani. Mafundi hao wanataka chakula na oksijeni muda wote.

"Jembe likinigonga kidole, nahisi limenigusa kwanza, maumivu yanakuja baadaye. Kwa nini?" (Masindi)

Umechunguza vizuri. Neva za mguso zimevikwa ala ya mafuta, mayelini, na msukumo, yaani ujumbe wa neva, huruka kutoka pengo hadi pengo kwa mita 35 hadi 75 kwa sekunde. Zinazoleta yale maumivu mazito, ya kukalisha mtu chini akishika kidole, hazina ala: mita 1 hivi kwa sekunde. Kutoka kidoleni hadi uti wa mgongo ni karibu mita 1. Piga hesabu.

"Sindano za vitamini B huongeza nguvu za neva?" (Mbale)

Kama mwili haujapungukiwa nayo, hapana. Tunza pesa zako.

"Mwanangu wa miaka 3 alichomwa sindano ya homa kalioni, duka la dawa. Tangu siku ile anaburuza mguu. Jirani anasema ni mapepo." (Tororo)

Pole sana, mama. Jirani amekosea. Neva ya siatiki, nene kuliko zote mwilini, inapita humo humo kalioni. Sindano ikiichoma, au dawa ikimwagika juu yake, nyuzi zinakufa na misuli inayoinua wayo haipati tena amri. Nilikuwa na mwanafunzi wa namna hiyo: kiatu chake cha kulia kilitoboka mbele muhula haujaisha, cha kushoto kikiwa kizima. Neva huota upya kwa milimita 1 hivi kwa siku, tena si nyuzi zote. Mpeleke hospitali leo aanze mazoezi ya viungo, na choo chake kipimwe polio, maana mtoto yeyote anayelegea kiungo ghafla hupimwa.

Nanyi wengine, acheni kudai sindano! Malaria ya kawaida hutibiwa kwa vidonge. Ile kali ni ya hospitali. Mtoto anayeweza kumeza, ameze. Ikilazimu kumchoma mdogo, iwe pajani, upande wa nje.

"Nikipulizia nyanya dawa natokwa mate, misuli inachezacheza." (Kasese)

Acha kupulizia leo hii. Neva huamuru msuli kwa kemikali iitwayo asetilikolini, na kimeng'enya, protini inayoivunja, huifagia mara moja. Dawa za wadudu za jamii ya oganofosfeti hukifunga kimeng'enya hicho, amri ikawa haikomi. Ikifikia misuli ya kupumua, mtu anakufa. Vua nguo hizo, oga kwa sabuni, wahi hospitali, na chupa ya dawa uende nayo daktari aisome.