Usiuamini Uso wa Ubongo Kabla ya Kuutazama Mpaka Wake

Anayeishi Bukavu hahitaji maelezo marefu ili aelewe jambo hili. Mji wetu umeziingiza rasi zake ndani ya ziwa Kivu kama vidole vya mkono, na ukisimama jioni ukingoni mwa rasi moja unaweza kuziona nguo zilizoanikwa uani mwa nyumba iliyo ng'ambo ya maji. Lakini ukitaka kumfikia mwenye nguo hizo kwa miguu, itakubidi upande hadi barabara kuu, uzunguke, kisha uteremke upya. Gamba la ubongo, yaani tabaka lake la nje la kijivu, limekunjwa kwa namna hiyo. Kuta mbili zinazotazamana ndani ya mfereji mmoja hutenganishwa na milimita chache tu, ilhali anayeufuata uso wenyewe husafiri sentimita kadhaa kabla ya kufika upande wa pili, na huenda kazi za pande hizo mbili hazihusiani. Picha ya MRI, inayopigwa kwa mashine ya sumaku, imejengwa kwa vokseli, yaani vijisanduku vilivyopangwa safu kwa safu, nayo hupima umbali kwa kukata maji. Uso wa gamba hupima njia ya miguu.

Ndiyo sababu wengi wetu huhamisha matokeo kutoka kwenye vokseli hadi kwenye uso, na ninaunga mkono kazi hiyo kwa moyo wote. Hata hivyo, ninalotaka kumwambia anayeianza ni kwamba programu itakupa ramani ya kupendeza hata pale ambapo data zako zimekaa mahali pasipo pake.

Nililijifunza hilo nilipokuwa nikiwasaidia wanafunzi wawili kuchambua data za wazi, ambamo washiriki walisikilizishwa sauti wakiwa ndani ya mashine. Tulitarajia kuona rangi kwenye tuta la juu la sehemu ya panja, mahali ambapo sauti hupokelewa, na kweli rangi ilikuwapo. Lakini palikuwa pia na bakabaka kubwa juu ya mfereji wa Sylvius, unaolitenga panja na sehemu zilizo juu yake, kwenye ukingo wa chini wa sehemu ya utosi. Mmoja wao aliniuliza, «Mwalimu, kumbe na hapa panasikia?» Nilikuwa nimekwisha kuandika aya nzima ya kulieleza bakabaka hilo.

Kabla ya kuituma aya hiyo, tulifungua picha ya utendaji yenyewe, ile inayoonyesha ubongo ukifanya kazi, na kuchora juu yake, kwa mstari wa manjano, uso wa mpaka kati ya tabaka la kijivu na sehemu nyeupe. Mstari huo ulipaswa kuikumbatia kingo ya sehemu nyeupe kila inapopinda. Tulipokuwa tukipita kipande kimoja baada ya kingine, tuliona kwamba kila mahali mstari ulikuwa chini ya kingo hiyo kwa vokseli moja hivi, yaani milimita 3. Unene wa gamba kwa wastani ni takriban milimita 2.5, kwa hiyo kosa la vokseli moja linatosha kukutoa nje ya tabaka zima au kukutia ndani ya tuta la jirani. Tulikuwa tumeiamuru programu iamini taarifa za mahali zilizoandikwa ndani ya faili, kana kwamba mshiriki hakusogeza kichwa kati ya picha moja na nyingine. Isitoshe, data zilikuwa zimelainishwa kwa milimita 8, yaani thamani ya kila vokseli ilichanganywa na za majirani zake, zikiwa bado vokseli, kwa hiyo ishara ya panja ilikuwa imekwisha kumwagika hadi ukuta wa pili wa mfereji kabla hatujaugusa uso.

Tulirudi mwanzo. Tuliioanisha picha ya utendaji na picha ya umbile la mshiriki yuleyule kwa bbregister, amri ya FreeSurfer, programu ya kujenga na kuchambua uso wa ubongo; amri hiyo huutafuta mpaka wa kijivu na nyeupe wenyewe badala ya kulinganisha picha nzima; njia hiyo ilichapishwa na Greve na Fischl mwaka 2009. Kisha tulihamisha data zisizolainishwa, na kulainisha kukafanyika juu ya uso.

Kina cha kuchotea thamani nacho kinahitaji uamuzi wako. Usipoiambia lolote mri_vol2surf, amri ya FreeSurfer inayohamisha thamani kutoka vokseli hadi uso, huchota kwenye uso wa ndani kabisa, pale tabaka la kijivu linapoanza, na hapo nusu ya vokseli yako huenda ikawa sehemu nyeupe. Mimi huweka projfrac 0.5, katikati ya unene, au huchukua wastani wa kina kadhaa kati ya 0.2 na 0.8 ili nisiguse kingo zote mbili.

Ramani za maeneo ni habari nyingine kabisa. Humo namba ni jina, si kipimo, kwa hiyo chukua thamani ya vokseli iliyo karibu zaidi, wala usiruhusu wastani. Katika mgawanyo wa Brodmann, unaoyapa maeneo ya gamba namba, maeneo ya 4 na ya 6 yamepakana, na wastani wake ni 5. Eneo la 5 lipo kweli, lakini liko kwenye utosi, na hakuna onyo litakalojitokeza kwenye skrini.

Kwa kundi la watu, hamisha data za kila mmoja kwenye uso wake mwenyewe kwanza, kisha zipeleke kwenye fsaverage, uso wa wastani wa FreeSurfer unaotumiwa kulinganisha watu, yenye nukta 163,842 kwa kila nusu ya ubongo. Kuujenga uso wa mtu mmoja huchukua saa nyingi, na hapa kwetu umeme hukatika, basi anza kazi hiyo betri zikiwa zimejaa. Ikiwa unachomiliki ni ramani ya wastani ya vokseli iliyo kwenye MNI152, kiolezo cha ubongo wa wastani, pekee, tumia njia ya Wu na wenzake ya mwaka 2018, iliyotengenezwa kwa safari hiyo hasa. Amigdala, thalamasi na serebelamu hazitaonekana kwenye uso huo; ziripoti kutoka kwenye vokseli.

Baada ya masahihisho bakabaka la utosi lilitoweka karibu lote, ukabaki ukanda mwembamba juu ya panja. Aya yangu niliifuta. Siku hizi wanafunzi hao huhifadhi, kando ya kila ramani, picha tatu zenye mstari wa manjano, na mimi huzitazama hizo kabla ya kuifungua ramani.