Maswali ya Wasomaji: Seva Imejaa, Nafasi Imelala

SWALI: Ndugu Mhariri, ninatunza seva ya ushirika wetu wa akiba na mikopo hapa Dodoma. Ina diski ya gigabaiti 500, na niliposimika Ubuntu Server nilikubali mapendekezo yote ya programu ya usimikaji. Wiki iliyopita hifadhidata ilikataa kuandika. Nilipotoa amri ya df -h niliona kwamba mfumo mkuu wa faili una gigabaiti 98 tu, na umejaa kwa asilimia 100. Nimeagiza diski nyingine ya terabaiti moja kutoka Dar es Salaam. Nitaiunganishaje bila kusimika kila kitu upya, na je, wanachama watalazimika kusubiri dirishani huku seva ikiwa imezimwa?
Msomaji, Nzuguni, Dodoma

JIBU: Ndugu msomaji wa Nzuguni, kabla diski hiyo haijashushwa kwenye basi, toa amri moja tu: sudo vgs. Kwa maelezo uliyotoa, natarajia kwamba chini ya safu iliyoandikwa VFree, yaani nafasi iliyo huru, utakuta zaidi ya gigabaiti 360 ambazo hazijaguswa tangu siku uliposimika mfumo. Programu ya usimikaji ya Ubuntu Server inapokuta nafasi inayozidi gigabaiti 200 huipa volyumu ya mfumo gigabaiti 100 tu, na sehemu iliyobaki huiacha wazi ili mwenye seva aigawe kadiri ya mahitaji yake. Si hitilafu, ingawa wengi hawaambiwi, na hununua diski kwa fedha za wanachama wakati nafasi ipo ndani ya ile ya kwanza. Amri ya df hupima mfumo wa faili peke yake, kwa hiyo haiwezi kukuonyesha akiba iliyo chini yake.

Kikuelezacho jambo hili vizuri ni ghala la mahindi, mfano wa yale ya Kibaigwa. Magunia ya wakulima mbalimbali yakishamwagwa pamoja, hakuna anayeuliza tena punje hii imetoka gunia la nani. Mwenye ghala huchota kwa debe na kumpimia kila mnunuzi kiasi chake. Diski zako, au patisheni (sehemu ambazo diski moja hugawanywa), ndizo magunia, nazo katika LVM, yaani mfumo wa Linux wa kugawa nafasi za diski, huitwa volyumu halisi. Ghala ni kikundi cha volyumu. Debe ni kipande cha megabaiti 4, ambacho ndicho kipimo cha LVM usipokibadilisha, na mzigo aliopimiwa mnunuzi ni volyumu ya kimantiki. Juu ya volyumu hiyo ndipo mfumo wa faili hutandazwa. Kwa hiyo nafasi inaweza kukwama katika tabaka lolote kati ya haya, na kazi ya kwanza ya mtunza seva ni kujua imekwama wapi. Amri za pvs, vgs na lvs hukuonyesha tabaka moja moja, na lsblk hukuonyesha zote kwa pamoja.

Sasa tuingie kazini. Toa kwanza nakala rudufu ya hifadhidata na kuihifadhi nje ya seva hiyo, hata kama una haraka. Kisha punguza kidogo uchafu uliopo, kwa mfano kwa sudo apt clean na sudo journalctl --vacuum-size=200M. Sababu yake ni kwamba kila unapobadilisha kikundi cha volyumu, LVM huandika kumbukumbu ya mpangilio wa zamani ndani ya /etc/lvm, na ikiwa mfumo mkuu hauna hata nafasi ya faili hiyo ndogo, amri ya kuongeza nafasi hugoma kwa kukosa nafasi. Nimewahi kuona fundi akipoteza asubuhi nzima hapo, akidhani kwamba diski yake ni mbovu.

Baada ya hapo andika: sudo lvextend -r -L +50G /dev/ubuntu-vg/ubuntu-lv. Majina ya kikundi na volyumu niliyotumia ni yale ambayo Ubuntu huweka yenyewe. Yako yathibitishe kwa lvs. Tazama kwa makini alama ya kujumlisha iliyo mbele ya 50. Ikiwepo, unaongeza gigabaiti 50 juu ya zilizopo; isipokuwepo, unaagiza volyumu iwe na gigabaiti 50 kwa jumla. Amri ya lvextend itakataa agizo hilo kwa kuwa haipunguzi kamwe, lakini dada yake lvresize hupunguza, na kupunguza volyumu iliyobeba mfumo wa faili bila kuutayarisha kwanza ni kukata faili za watu. Ndiyo maana nakushauri uzoee lvextend peke yake.

Herufi r nayo ina kazi yake. Ukiisahau, volyumu itakua lakini mfumo wa faili utabaki na kimo chake cha zamani, na df itaendelea kusoma asilimia 100 kana kwamba hujafanya lolote. Hilo likitokea hakuna kilichoharibika: kwa mfumo wa ext4, ambao ndio wa kawaida kwa Ubuntu, malizia kwa resize2fs, na kwa XFS, aina nyingine ya mfumo wa faili, malizia kwa xfs_growfs. Ama kuhusu wanachama wako, ext4 hukuzwa ikiwa kazini, bila kuzima seva. Hata hivyo kagua huduma ya hifadhidata baada ya kumaliza, kwa sababu baadhi ya hifadhidata hujizima zikikosa pa kuandika na hazirudi mpaka uziwashe.

Huenda ukajiuliza kwa nini ninasema gigabaiti 50 na si zote 360. Kukuza ni kazi ya sekunde chache, lakini kupunguza ext4 hulazimu mfumo wa faili ushushwe kwanza, jambo ambalo kwa mfumo mkuu lina maana ya kuwasha seva kutoka chombo kingine, na XFS usiitegemee kupungua. Nafasi iliyobaki ndani ya kikundi inaweza kesho kuwa volyumu mpya ya kumbukumbu za wanachama. Nafasi iliyokwisha kumezwa na mfumo mkuu ni vigumu kuitapisha.

Tuje kwenye diski inayosafiri. Njia ya kuiunganisha ni fupi: sudo pvcreate /dev/sdb, kisha sudo vgextend ubuntu-vg /dev/sdb, na nafasi yake inamwagika ghalani. Lakini usiliamini jina sdb kwa mazoea, maana majina hayo yanaweza kubadilishana seva inapowashwa upya. Tumia lsblk -o NAME,SIZE,MODEL,SERIAL, kisha linganisha namba ya mfululizo na ile iliyochapwa kwenye karatasi iliyobandikwa juu ya diski yenyewe. Na iwapo pvcreate itakuuliza kama ifute alama ya mfumo wa faili iliyoikuta, usibonyeze y. Swali hilo lina maana kwamba diski hiyo imewahi kubeba kitu, na huenda bado inakibeba.

Hapa ndipo mfano wa ghala unapotuacha. Ghalani, gunia moja likioza unapoteza gunia moja. Volyumu iliyotandazwa juu ya diski mbili, diski moja ikifa, mfumo wa faili wote huvunjika pamoja na vipande vilivyo kwenye diski iliyobaki salama, kwa hiyo kila diski unayoongeza kwa njia hii inaongeza mlango wa hasara. Kwa ushirika unaotunza akiba za watu, mimi nisingeitandaza. Kwa kuwa nafasi unayo tayari, ningeifanya diski mpya kuwa mahali pa nakala rudufu za kila usiku, na ningeifungia kwenye mashine nyingine kabisa, katika chumba kingine, ili umeme ukirudi kwa kishindo usizichukue zote mbili.

SWALI: Seva yetu ni mashine pepe (kompyuta ya kiprogramu inayoendeshwa ndani ya kompyuta ya kampuni nyingine) iliyokodishwa. Tumelipia diski ikuzwe kutoka gigabaiti 80 hadi 160, na lsblk inaonyesha 160, lakini vgs inasema VFree ni sifuri. Tumeibiwa?
Msomaji, Manyoni, Singida

JIBU: Hamjaibiwa, ndugu wa Manyoni, diski imekua lakini patisheni iliyo ndani yake haijui. Pandeni tabaka kwa tabaka kutoka chini: sudo growpart /dev/sda 3 hukuza patisheni ya tatu (zingatieni nafasi kati ya sda na 3, na badilisheni namba kulingana na lsblk yenu), kisha sudo pvresize /dev/sda3 huijulisha LVM, na hapo VFree itasoma takriban 80. Kilichobaki ni lvextend -r kama nilivyomweleza mwenzenu wa Nzuguni. Mkikuta kwamba patisheni ya LVM siyo ya mwisho kwenye diski, growpart haitaweza kuikuza kuvuka ile inayoifuata. Katika hali hiyo tengenezeni patisheni mpya kwenye nafasi iliyoongezwa na kuiingiza kikundini kwa pvcreate na vgextend. Kwa kuwa zote mbili zimo ndani ya diski ileile moja, tahadhari niliyoitoa juu ya diski mbili haiwahusu.