Re: Kalenga 1894, "waliteka nyara" au "walipora"?

Habari mkuu, nimekupata, unaandika maelezo ya wageni wanaokuja Kalenga, ile ngome ya Mkwawa, mtemi wa Wahehe, kule Iringa, na umekwama kama useme Wajerumani waliteka nyara, walipora au walichukua ngawira. Kwanza angalia kilichochukuliwa ni nini, mji, mtu au mali. Mji unatekwa, basi, Kalenga ilitekwa 1894. Ila "kuteka nyara" kwa sasa iogope, zamani nyara ni mali ya vita kabisa lakini leo mtu akisoma anawaza ndege au mtu kabebwa kwenye gari usiku, na hao wageni wako si wazee wa kamusi.

Pembe za ndovu na bunduki za Mkwawa andika "walipora", mi hapo sina huruma, maana kupora kunabeba lawama, ndo neno hilohilo tunalotumia ukinyang'anywa simu stendi. Ngawira yenyewe haimlaumu mtu, ni kile mshindi anachoondoka nacho, kwa hiyo bunduki ambazo Wahehe walizichukua kwenye vita vya Lugalo 1891 walipompiga Zelewski, kamanda wa Wajerumani, ziite ngawira, "ngawira za Lugalo" inakaa vizuri tu. Na kama unataka tendo la kuingia kwa fujo, ongeza "walivamia", kupora peke yake hakusemi hilo.