Besi inakwaruza na vidole vinauma: usiiuze kwanza

Mdogo wangu, umeuliza kama uuze gitaa lako la besi la mtumba la nyuzi nne ununue besi fupi, kwa sababu vidole vinauma na nyuzi zinakwaruza. Subiri kwanza. Besi ya kawaida ina inchi 34 za uzi unaotetema, fupi ina 30 hivi. Anzia mazoezi freti ya 5 (freti ni vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo), ambako nafasi zimebana, mkono hautanuki sana.

Sasa tazama kidole chako. Kikikaa katikati ya freti mbili utabonyeza kwa nguvu na bado uzi utakwaruza. Kisogeze karibu kabisa na chuma cha freti kilicho upande wa mwili wa gitaa, lakini kisikae juu yake. Kidole gumba kibaki nyuma ya shingo. Utashangaa nguvu inayohitajika ni ndogo mno! Ikiendelea kukwaruza kila mahali, mpelekee fundi wa magitaa apime shingo na kimo cha nyuzi.

Tyuni nyuzi ziwe E, A, D, G, kutoka nene hadi nyembamba, kila unapoishika besi. Kisha chukua wimbo wa dansi unaoupenda, piga noti ya msingi tu ya kila kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja), yaani ile inayoipa kodi jina, ukifuata ngoma kubwa ambayo mpiga dramu anaipiga kwa mguu. Jirekodi kwa simu, unitumie nisikie.