Dakika 24 Kwenda

Mhariri, swali lenu la wiki lilikuwa: bustani ya umma iliyo karibu nawe iko umbali gani, na ungependa umbali huo upimwe vipi kwa ajili ya afya ya wakazi wa mji? Mimi nimelijibu kwa miguu, tena si yangu peke yangu.

Mama alihamia kwangu Pipeline, Embakasi, hapa Nairobi, mwaka jana kwa sababu ya presha. Kliniki wakamwambia atembee nusu saa kila siku mahali palipotulia. Mahali palipotulia, Pipeline! Tunakaa ghorofa ya sita, na ploti zimebanana hadi jirani wa ng'ambo akikaanga vitunguu mimi ndiye ninayetokwa na machozi. Jua huchungulia uchochoroni mwendo wa saa saba mchana, kisha linaenda zake.

Jumamosi moja niliwasha ramani kwenye simu, tukashuka. Tulipita mikokoteni ya maji, tukaruka mtaro, tukasubiri boda boda zipungue. Kila nikimuuliza, "Mama, tupumzike?" jibu lilikuwa, "Hapa? Twende tu, mwanangu." Kijani cha kwanza tulichokikuta ni kitalu cha miche kando ya Outer Ring Road. Mwenye miche akampindulia ndoo aketi. Mama akauliza bei ya mparachichi, akauliza ya mwaridi, hakununua kitu, kisha akaanza kung'oa magugu kwenye vile vifuko vyeusi bila kuombwa na mtu. Tulikaa karibu saa nzima, malori yakipita nyuma yetu.

Ramani ilidai ni mita 700 kwa mstari ulionyooka. Sisi tulitembea kilomita moja na zaidi.

Ndiyo maana nabishana na vipimo. Shirika la Afya Duniani, ofisi ya Ulaya, linashauri mkazi awe na eneo la kijani la nusu hekta hadi hekta moja ndani ya mita 300 za mstari ulionyooka, yaani kama dakika tano za kutembea. Mstari ulionyooka ni wa kunguru arukaye, si wa mtu atembeaye. UN-Habitat, shirika la makazi la Umoja wa Mataifa, ambao makao yao makuu yako hapa hapa Gigiri, angalau wanahesabu mita 400 kwa kufuata njia zenyewe, na hapo nawaunga mkono. Setilaiti nazo, mfano Sentinel-2 za Ulaya, hugawa ardhi katika vipande vya mita 10 kwa 10 na kusoma jinsi majani yanavyomeza mwanga mwekundu na kurudisha ule wa infraredi tusiouona. Kazi nzuri, lakini setilaiti haioni askari wa lango. Itazame Kibera kutoka juu: mabati, halafu ghafla kijani kibichi. Ni uwanja wa gofu.

Kuna pia hesabu ya kuchukua kijani chote cha jiji na kukigawa kwa idadi ya watu. Kwa hesabu hiyo, katika msitu wa Karura, wenye zaidi ya hekta 1,000, Mama naye ana fungu lake, ingawa hajawahi kuuona. Kutoka kwetu ni matatu mbili kwenda, mbili kurudi, na mlangoni kuna kiingilio. Uhuru Park, ile Wangari Maathai aliyoipigania 1989 isijengwe jengo la ghorofa 60, nayo inataka nauli.

Basi nikiulizwa, mpimaji aanzie mlangoni kwa mtu, sio katikati ya mtaa kwenye ramani. Ahesabu dakika kwa mwendo wa mzee na wa mtoto. Aandike nauli, kiingilio, kama kuna kivuli na pa kukaa, na kama mwanamke anaweza kupita hapo saa kumi na mbili jioni bila kukumbatia mkoba wake. Mtu ataniambia, si hizo dakika mlizotembea ndizo alizoagizwa na kliniki? Lakini kutembea ukikwepa boda boda kunapandisha presha, hakuishushi.

Mama sasa huenda kitaluni Jumatano na Jumamosi. Ndoo yake imewekewa kipande cha godoro. Kwa hiyo jibu langu, Mhariri, ni dakika 24 kwenda na 31 kurudi, kwa sababu kurudi kuna zile ghorofa sita na ploti yetu haina lifti.