Sindano haitolewi

Mwanangu Mwanaidi,

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Umeniuliza sindano ya uzazi wa mpango, vijiti vya chini ya ngozi ya mkono au kitanzi, ipi inazuia vizuri zaidi, maana mtoto ana miezi minne na hutaki mimba nyingine kabla hajatembea. Hilo jibu lake ni fupi. Katika wanawake 100 wanaotumia vijiti au kitanzi kwa mwaka mzima, hafiki hata mmoja anayeshika mimba. Wa sindano ni kama wanne, kwa sababu tarehe husahaulika. Wa vidonge kama saba. Lakini mimi nilitaka uniulize lingine: ukiikataa njia yenyewe, unatokaje? Kabla ya kuingia, uliza mlango wa kutokea.

Wewe ulikuwa mchanga, mwaka 1995, mwezi wa Rajabu. Foleni ndefu, nesi hana muda, akanipandisha mkono wa gauni, akanichoma, akaandika tarehe kwenye kadi. Hakunieleza lolote. Shaabani yote nikawa naona matone ya rangi ya kahawa, leo yapo, kesho hayapo. Mwezi wa Ramadhani ukaandama, yakazidi, sasa kila siku. Unamjua Bibi yako, hesabu za watu wote wa nyumba ile alikuwa nazo yeye. Chai yangu nainywa nimegeukia ukuta wa jikoni. Jioni moja tunafuturu, shangazi zako wote wako mkekani, akaniuliza, "Hedhi gani hiyo isiyokwisha?" Baba yako akainamia bakuli la uji. Sindano ile tulikubaliana wawili, na hakusema neno.

Kesho yake nikarudi kliniki nimekubeba mgongoni. Nikamwambia nesi, nitolee. Akacheka. "Sindano haitolewi, mama. Imeshaingia." Mpaka leo nakisikia kicheko kile. Aliyenisaidia ni mwalimu wetu wa madrasa, Mungu amrehemu: damu ikipita siku 15 si hedhi tena, ni istihadha, damu isiyozuia ibada, oga, uswali, ufunge. Siku nilizokula nilizilipa zote, peke yangu, wenzangu wanakula mchana.

Lakini nikiisema vibaya sindano nitakuwa nadhulumu. Mama yako mdogo kaitumia miaka na miaka hana shida, na kwa mume aliyekuwa naye, ile ndiyo iliyompumzisha. Wapo ambao hedhi hukatika kabisa na wao hufurahi. Na vijiti navyo vina matone yake. Hapana, kosa halikuwa la sindano, kosa ni kutoambiwa. Ningeambiwa mapema, ningemjibu Bibi yako pale pale mkekani. Au ningenyamaza vilevile? Nilikuwa na miaka 22, huenda ningenyamaza.

Ila mlango wake ni mzito, hilo silifuti. Ukishachomwa ni miezi mitatu utake usitake, na ukiacha, mimba hukawia. Kwa wastani huja kama miezi 10 tangu sindano ya mwisho. Mdogo wako Salimu tulimngoja hivyo, na Bibi yako anatangaza mtaa mzima kwamba nimeharibiwa kizazi. Vijiti huondolewa siku yoyote na uzazi hurudi upesi, lakini hujitolei mwenyewe. Anatakiwa mtu aliyefundishwa, na ganzi. Kwa hiyo waulize kama hapo wanapoweka ndipo wanapotoa. Kuna cha kijiti kimoja na vya vijiti viwili, na hukaa miaka 3 hadi 5 kwa kutegemea aina.

Baada ya Salimu nikampata nesi mwingine, mtu mzima, mpole. Alinikalisha, akanitia kitanzi kiganjani. Kadude kadogo ka plastiki kenye umbo la herufi T, kamezungushiwa waya mwembamba wa shaba kama uzi kwenye kibobini cha cherehani, na nyuzi mbili zinaning'inia. Akaniambia nizishike. "Hizi ndizo tutakazovuta siku utakayosema basi." Akaniambia pia kwamba miezi ya mwanzo hedhi itakuwa nzito na tumbo litauma. Likauma kweli, wala sikushtuka. Kingeweza kukaa miaka 10 na zaidi. Mimi nilikaa nacho tisa, nikakitoa siku niliyoitaka mwenyewe.

Umesema mama mkwe wako ameshaanza kumpa mtoto uji. Basi usijidanganye kwamba kunyonyesha kunakukinga. Kunakinga kwa masharti matatu yote kwa pamoja: mtoto hajatimiza miezi sita, anapewa ziwa tu usiku na mchana, na wewe hujaona siku zako. Kwa hiyo usichelewe, na mpaka utakapochagua tumieni kondomu, ambayo ndiyo peke yake inayokinga na maradhi ya zinaa. Vidonge ukivitaka, waambie unanyonyesha, maana vile vya kawaida vyenye homoni mbili vinasubiri mtoto atimize miezi sita. Na upime presha. Unajua yangu ilivyo.

Mume wako anasema ufuate atakachoamua daktari. Daktari akueleze, uamuzi uwe wako. Mimi jibu langu ninalo, na ulimi unaniwasha, nawe ukisoma vizuri huenda umeshaliona. Silitamki. Tumbo si langu.

Huduma ni bure kituo cha serikali, na Jumamosi nitakuwa kwako kwa basi la asubuhi. Jumatatu tutakwenda wote, mtoto nitakaa naye mimi kwenye benchi la nje, wewe uingie na mumeo. Ukitoka nitakuuliza moja tu: kuhusu kutoka, wamekujibu nini?

Mama yako