Kichwa kinatulia nikilala tu

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni mwalimu, nina miaka 41. Huu ni mwezi wa tano tangu kichwa kianze kuniuma. Nikiamka sina kitu, lakini nikisimama ubaoni dakika ishirini kisogo kinavuta, masikio yanaziba kama nimezama majini. Mapumziko najilaza sakafuni kwenye stoo ya vitabu, sweta chini ya kichwa, na kabla kengele haijalia kimetulia. Nimetibiwa kipandauso, kisha nikaambiwa ni mawazo. Sasa kipimo cha MRI kinaonyesha maji ya uti wa mgongo yanavuja, nami sijaanguka wala sijawahi kuchomwa sindano ya mgongo. Wanataka kunitoa damu mkononi wanidunge mgongoni. Si kubahatisha huko?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Hiyo stoo ilikupima kabla ya mashine. Kichwa kinachouma ukisimama na kuacha ukilala kina maana yake, na aibu ni yetu madaktari tunaosahau kuuliza.

Ubongo unaelea kwenye maji, na mtu mzima anayo kama mililita 150 tu. Yakipungua, ukisimama ubongo unashuka kidogo na kuvuta tando zinazoushikilia. Tundu huweza kutokea bila ajali yoyote: utando wa mgongo ulikuwa dhaifu, au kijimfupa cha pingili kimeuchana.

Hicho wanachotaka kukufanyia kinaitwa kiraka cha damu, na si kubahatisha. Kilianza 1960 kwa James Gormley, daktari wa upasuaji wa Marekani, aliyeona kwamba waliotoka damu wakati wa sindano ya mgongo hawakuumwa sana kichwa baadaye. Utapigwa ganzi, kisha damu yako, mara nyingi mililita 20 hivi au zaidi, itaingizwa nje kidogo ya utando. Inausukuma utando, ndiyo maana wengine hupata nafuu siku hiyohiyo, na ikiganda inaziba. Kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, sema mapema. Kiraka kimoja kisiposhika hurudiwa. Vikigoma, tundu lenyewe hutafutwa na kuzibwa, hata kwa upasuaji. Kahawa? Kunywa, ila itakusaidia saa chache tu.

Ninachokihofia zaidi ni wewe kujiona umepona. Kwa wiki nne hadi sita usiiname, usijipinde, usibebe kitu kizito. Lile rundo la madaftari wabebe wanafunzi. Choo kisiwe kigumu, maana kujikamua kunaweza kung'oa kiraka.

Na kichwa kikigeuka, kikaanza kuuma ukilala, tena upande wa mbele, pamoja na kichefuchefu, usidhani kiraka kimetoka. Huenda presha ya maji imepanda. Hapo inua kichwa kwa mito miwili na umpigie daktari wako. Ipo dawa ya kuishusha. Lakini homa, miguu kuishiwa nguvu, mkojo kukataa au usingizi usioeleweka, nenda hospitali saa hiyohiyo.